Mistari Saba ya Chaki

Jumatatu, 1 Julai

Siku ya nne ya kurudi nyuma. Saa moja asubuhi mpaka adhuhuri, kurudi nyuma tu. Mapipa mawili matupu katikati ya uwanja wetu wa Kihonda, na mimi nipitishe tela katikati yake. Leo pipa la kulia nimeliangusha mara tisa. La kushoto sita. Zuhura anahesabu kwa sauti ili hata wapita njia wafaidi.

Tatizo mikono. Miaka kumi na minne nimeendesha Canter, nashusha kabichi na nyanya kutoka Nyandira, na mikono imejifunza jambo moja: ukitaka mkia wa gari uende kulia, kata kulia. Tela halitaki hivyo. Ukikata kulia linakwenda kushoto. Ukiogopa ukazidisha, linajikunja, kichwa cha gari na tela vinabaki vimenuniana kama mtu na mkewe. Leseni ya magari makubwa nimeipata Aprili. Karatasi ninayo. Mikono bado.

Leo Zuhura kanipa siri moja. Shika usukani kwa chini, siyo juu. Mkono ukisogea kulia, tela nalo linasogea kulia. Nimejaribu. Mapipa yamebaki yamesimama mara tatu mfululizo. Nimefurahi kama mtoto, kisha nikaona aibu kufurahi mbele yake.

Gari hili lilipaswa kuwa lake.

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda Mji Mpya kumwona Mjomba Kibwana. Miguu imevimba tena. Daktari anasema moyo umepanuka. Anakaa kitandani ameegemea mito mitatu, maana akilala chali anakosa pumzi. Ndiye ndugu pekee wa kiume wa mama yangu. Miaka thelathini na moja amevuta tela kutoka bandarini mpaka Tunduma na ng'ambo yake. Sasa kwenda chooni ni safari.

Niandike yale ninayoshindwa kuyasema. Mjomba ana mtoto mmoja, Zuhura. Amepanda gari la baba yake tangu ana miaka kumi na tisa, leo ana thelathini na sita. Anajua mlio wa kila nati. Mzee alipoanguka mwezi wa tatu, yeye ndiye aliyelirudisha gari kutoka Makambako, mgonjwa amelala nyuma ya kiti. Mwezi wa tano Mjomba akaita wazee, akaniandikia gari mimi.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Zuhura ni wa ukoo wa mamake, siyo wa Mjomba. Mimi, mtoto wa dada yake, ndiye wa ukoo wake. Na gari hili Mjomba hakulipata kwa jasho lake peke yake. Bibi aliuza shamba la migomba la ukoo kule Kinole, likapatikana gari la kwanza, na la kwanza likazaa hili. Kwa Mjomba mambo ni mepesi: hili ni shamba, tofauti yake lina magurudumu. Shamba la ukoo halitoki nje ya ukoo.

Zuhura hakubisha. Aliomba jambo moja tu, anifundishe yeye mwenyewe mpaka niive, ndipo aende kutafuta kazi kwa watu. Kila asubuhi ananikabidhi funguo. Naumia kila ninapozipokea, na kila asubuhi nazipokea.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya swala, somo la kuunganisha. Nilidhani ni kurudi nyuma tu mpaka usikie kelele. Zuhura alicheka mpaka akashika madigadi asianguke.

Mgongoni mwa kichwa kuna sahani kubwa ya chuma iliyopakwa grisi. Chini ya shingo ya tela kuna pini, nene kama mchi. Pini iingie kwenye mdomo wa sahani, taya zifumbe. Ukubwa wote ule, robota zote zile za mkonge, vinashikwa na hiyo pini moja. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kurudi kwenye kabichi zangu.

Mjomba hatumii karatasi. Anatumia chaki. Hatua ni saba, na kila hatua ikikamilika unachora mstari. Mmoja, mawe kwenye matairi ya tela. Mbili, kimo, shingo ya tela isiwe juu ya sahani wala chini mno, iiguse tu. Tatu, rudi polepole mpaka usikie mlio. Nne, vuta mbele kidogo, mara mbili, tela likigoma ujue limeshika. Tano, ingia chini na tochi, uone kwa macho yako taya zimefumba pini. Sita, mipira ya upepo na waya wa taa. Saba, inua miguu ya tela, kisha ondoa mawe.

Mjomba huchora upande wa ndani wa mlango wa dereva, alipopaka rangi nyeusi kama ubao wa shule. Huifuta akianza safari mpya. Ile mistari saba ya safari yake ya mwisho bado ipo. Niliinua chaki nichore hapo. Zuhura akanishika mkono.

"Hapo pana mwenyewe. Wewe chora kwenye madigadi."

Nimechora kwenye madigadi.

Tumempigia Mjomba simu kumwambia somo limekwisha. Alikuwa anahema, lakini alitaka arudie mwenyewe sharti la mwisho. Ukikatizwa kabla ya mstari wa saba, hata ukiwa umekwenda kukojoa, futa yote uanze mmoja. Nikamuuliza, hata kama nakumbuka nilipofikia? Akasema, "Hasa ukiwa unakumbuka."

Jumatatu, 8 Julai

Safari ya kwanza na mzigo. Shamba la mkonge, barabara ya Kilosa, kwenda na kurudi. Zuhura kushoto, mimi usukani.

Ya kukumbuka. Kona: tela halifuati kichwa, linakata ndani. Pita mbali, chelewa kukata, tazama kioo mpaka mkia umalize. Msamvu nimepanda ukingo kwa tairi la mwisho, bodaboda mmoja kanitukana na kunitakia safari njema kwa pumzi moja. Mteremko: weka gia ndogo ukiwa bado juu, usingoje kuteremka. Breki: mapema na kidogo kidogo, mzigo unakusukuma mgongoni.

Njiani Zuhura kasimulia kuwa kampuni fulani ya Iringa inamtaka. Aanze Agosti. Kasimulia huku anatazama nje. Nikasema hongera. Akasema, "Asante, bosi."

Ananiita bosi kwa utani, binamu na binamu. Leo haukunichekesha.

Alhamisi, 11 Julai

Nimeliangusha tela.

Niandike yote, kwa mpangilio, la sivyo kesho nitaanza kujitafutia sababu.

Asubuhi Zuhura alikwenda kumchukulia baba yake dawa. Aliniambia nimsubiri. Tela lilikuwa uwanjani limejaa robota, limesimamia miguu yake. Nikaona mimi siyo mtoto. Nikaanza peke yangu. Mawe, mstari. Kimo, nikatazama kwa mbali, nikaona sawa, mstari. Nikarudi nyuma, nikasikia mlio, nikashuka kuchora wa tatu. Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Chaki iko mkononi, kupanda na kushuka kwenye kichwa kunanichosha goti, nikachora mitatu kwa mpigo. Wa tatu, wa nne na wa tano. Nilijiambia nne na tano nazifanya sasa hivi.

Ndipo likapita jeneza.

Mzee wa mtaa wa nyuma, fundi cherehani, alifariki alfajiri. Watu wengi, wanakwenda kwa haraka kama inavyotakiwa, sauti za La ilaha illallah zimejaa barabara. Hapa kwetu jeneza likipita halitazamwi tu. Unaacha ulilonalo, unatia bega, unapokezana na wenzako angalau hatua chache. Nilizima gari, nikatia bega. Hatua chache zikawa mpaka makaburini. Nikabaki kwenye kufukia, nikabaki kwenye dua.

Nilirudi baada ya saa nzima, udongo kwenye viatu, moyo mtulivu. Nikatazama madigadi. Mistari mitano. Nikaunga mipira ya upepo, nikachora wa sita. Nikainua miguu, nikaondoa mawe, nikachora wa saba. Nikapanda. Bismillah. Nikaondoka.

Tela lilinifuata mpaka getini. Pini ilikuwa imekaa juu ya taya, haikuingia. Mlio niliousikia asubuhi ulikuwa wa chuma kugonga chuma. Kichwa kilipopanda kutoka kwenye kale kabonde ka getini, shingo ya tela ikateleza nyuma, mipira ya upepo ikakatika kwa kishindo, na pua ya tela ikashuka chini.

Ilishukia meza ya Mama Sakina. Mama Sakina anauza vitumbua pale getini kila siku mpaka saa sita mchana. Meza imekuwa vijiti. Kigoda chake sikukiona kabisa, kiko chini ya chuma.

Sikumbuki nilishuka vipi. Nakumbuka nalala chini natafuta khanga yake. Nakumbuka naita Mama Sakina, Mama Sakina, na watu wanakuja mbio.

Alikuwa msibani. Alikwenda kupika na wanawake wenzake nyumbani kwa marehemu. Msiba ule ule ulionitoa kwenye gari ndio uliomtoa kwenye kigoda. Nimeketi nikiwaza hilo mchana kutwa na halinipi raha yoyote.

Zuhura alirudi saa saba. Hakupiga kelele. Alitafuta jeki mbili na magogo ya reli, akaita mafundi, wakainua shingo kidogo kidogo mpaka magharibi. Kisha akaenda kwenye madigadi. Akaitazama ile mistari saba iliyonyooka. Akainama, akaona kuwa mitatu ya katikati imechorwa kwa mkono mmoja bila kupumzika.

Aliifuta. Aliniambia niende nyumbani nikaoge.

Ijumaa, 12 Julai

Mji Mpya baada ya swala. Shikamoo Mjomba, marahaba. Aliniuliza habari za gari. Nikasema nzuri. Akanitazama.

"Tela halijakuangusha?"

"Bado, Mjomba."

Zuhura alikuwa pembeni anamkanda miguu. Hakuinua uso. Mikono yake ilisimama kidogo, ikaendelea.

Mimi ni mwongo. Nina miaka arobaini na moja na nimemdanganya mgonjwa mbele ya mtoto wake.

Jumapili, 14 Julai

Mjomba ametaka kurudi Kinole. Anasema hospitali amezijua zote, sasa anataka baridi ya kwao. Tumemkodia gari dogo, Noah. Gari lake mwenyewe halijawahi kufika nyumbani kwake hata siku moja, njia haiwezi tela, kona zimebana na upande mmoja ni korongo. Miaka yote aliliacha mjini akapanda milimani kama abiria.

Tulipita polepole. Migomba, mananasi barabarani, watoto wanachungulia dirishani. Mjomba alikuwa anataja wenye mashamba. Tulipofika chini ya kilima fulani akasema, "Lile pale." Shamba lililouzwa. Sasa lina mikarafuu ya watu wengine.

Mama alitupokea. Tangu Bibi afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo pale, na Mjomba ni mdogo wake. Alimtandikia chumba cha Bibi.

Nikiaga, Mjomba kanishika kiganja. Kauliza tena kama tela halijaniangusha. Nikasema, bado, namshukuru Mungu. Hata Mungu nikamtia kwenye uongo wangu.

Alhamisi, 18 Julai

Mipira mipya imefungwa. Sahani imekaguliwa, haina ufa. Meza ya Mama Sakina imetengenezwa na seremala, nzuri kuliko ya kwanza, na kigoda kipya. Aliipokea kwa vicheko, akanipa vitumbua vinne, akasema tela langu limemfanyia hisani kwa kuwa ile meza ilikuwa na mguu mbovu. Sikuweza kuvila. Nimempa mke wangu Rehema nyumbani, akaniuliza mbona silali. Nikasema goti.

Naunganisha kila siku na Zuhura amesimama nyuma yangu. Mstari baada ya tendo. Siyo kabla. Goti liume.

Nimemwuliza kwa nini hakunisema kwa baba yake. Akasema hiyo siyo kazi yake. Nikadhani ananihurumia.

Jumapili, 21 Julai

Nimepanda Kinole peke yangu. Nia mbili. Ya kwanza, kumwambia Mjomba kuhusu tela. Ya pili, kumwomba alirudishe gari kwa Zuhura. Nimeanza na ya pili kwa sababu niliiona nyepesi.

Nikasema, Mjomba, mwenye kulijua gari hili ni Zuhura. Nikasema watu wa Iringa wanamchukua, tutampoteza. Nikasema mimi ni mtu wa kabichi.

Alijivuta juu ya mito. Kisha akasema kwa kukatakata, pumzi haitoshi sentensi nzima. Kwamba anajua nani anajua gari. Kwamba kila akifumba macho anamwona Zuhura kwenye usukani. Lakini Bibi, siku anauza lile shamba, alimwapisha mbele ya ndugu kuwa kitakachonunuliwa hapo kitabaki kwa watoto wa dada zake. Hawezi kwenda kumkuta mama yake akiwa amekivunja kiapo. "Ningekuwa nalipenda gari kuliko mama, ningempa mwanangu," akasema. Machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona Mjomba akilia. Hakuyafuta, mikono ilikuwa mizito.

Nilitoka nje nikakaa na Mama jikoni. Nikakata mboga. Nikarudi ndani.

Akauliza. Mara ya tatu.

"Mpwangu, tela halijakuangusha?"

Nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Nilikuwa na maneno yote. Nikaiona ile miguu, yale mashavu yaliyoshuka, nikajiambia habari hii itamwua. Nikasema, "Bado, Mjomba."

Akafumba macho. Akasema, "Haya. Nenda salama, njia inateleza."

Nimeshuka kwa pikipiki. Ukungu mzito. Najidharau.

Ijumaa, 26 Julai

Mjomba amefariki leo alfajiri. Mama alipiga simu. Nilisikia anavyovuta pumzi nikajua.

Nimempitia Zuhura. Njia nzima ameshika mfuko wa dawa za baba yake mapajani. Wiki nzima alikuwa anajitayarisha ampelekee Jumamosi.

Tumemzika baada ya swala ya Ijumaa. Kutoka nyumbani mpaka makaburi ya ukoo ni kupanda, njia ya mguu, upana wa watu wawili. Jeneza lilipokezwa bega kwa bega mpaka juu. Watu waliacha majembe mashambani, wakaacha mikungu ya ndizi njiani wakatia bega. Mmoja alikuja na panga bado mkononi, akalichomeka kwenye mgomba akapokea. Mimi nilishika mbele kulia na sikutaka kutoka. Walinitoa kwa nguvu ili na wengine wapate. Mjomba mwili mkubwa, lakini ugonjwa ulimla, alikuwa mwepesi. Uzito huo mdogo ndio uliniliza.

Wanawake hubaki nyumbani. Niliporudi Zuhura alikuwa ukumbini, ametazama ukuta. Aliniuliza kitu kimoja, kama kule juu penye mawe hatukumtikisa. Nikamwambia hatukumtikisa.

Jumamosi, 27 Julai

Matanga. Watu wamejaa, chai inachemka. Nimemfuata Zuhura nyuma ya nyumba alikokuwa anaosha sufuria. Nikamwambia linanila: nimemdanganya baba yake mara tatu, na sasa hayupo wa kumwambia ukweli.

Aliendelea kusugua. Kisha akasema, "Alijua."

Alimwambia siku ile ile. Usiku wa tela kuanguka alimweleza yote, mistari mitatu kwa mpigo, jeneza, kigoda. Mjomba aliuliza kwanza kama Mama Sakina yuko hai. Alipoambiwa yuko msibani anapika, akacheka mpaka akakosa pumzi. Kisha akamwonya asiniambie kuwa anajua. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kuliangusha, kila dereva wa tela huliangusha mara moja, na kuanguka siyo neno. Alisema, "Ngoja aniambie mwenyewe. Siku atakayoniambia, ujue ameiva, umwache nalo."

Kwa hiyo alikuwa anauliza huku anajua. Mara ya kwanza alingoja. Mara ya pili alingoja. Mara ya tatu alilia mbele yangu, akanifungulia mlango wote, akangoja. Na mimi nikasema bado.

Nilikaa chini kwenye majivu. Zuhura alisuuza sufuria, akanipa nyingine niishike. Nimeosha sufuria saba.

Jumapili, 28 Julai

Tumeanua tanga. Baada ya dua, wazee wa ukoo wakaitana ukumbini kusoma wosia. Gari kwa Athumani, yaani mimi, mtoto wa dada. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali.

Nikasimama. Nikawaeleza yote. Chaki, jeneza, meza. Bado, bado, bado. Nikasema Mjomba aliweka sharti la mimi kuiva na nimefariki nalo. Ulimi uliteleza, nilitaka kusema amefariki nalo, lakini sikurekebisha. Nikasema mimi sistahili usukani wa gari lile. Nikaweka funguo kwenye mkeka, nikaomba apewe Zuhura.

Mzee mmoja akasema kiapo cha Bibi hakivunjwi. Mwingine akasema mwanamke tena wa ukoo wa nje. Zuhura alikuwa mlangoni na alisikia. Nilimwona anageuka aondoke.

Mama akamwita, akae. Mama hana haraka akiongea. Alisema mashamba ya ukoo huu yamelimwa na wakwe na majirani tangu yeye hajavunja ungo. Wanaomba, wanapewa, wanalima, wanakula, na wala hakuna aliyewahi kusema shamba limetoka. Shamba ni letu, jembe ni lao. Akawauliza wazee kama kuna asiyelijua hilo. Wakakiri wanalijua. "Basi gari ni letu," Mama akasema, "na Zuhura alilime mpaka achoke."

Aliokota funguo. Hakunipa mimi. Hakumpa Zuhura pia. Alizishika kwanza, akalia kwa sauti, kumlilia mdogo wake, kilio ambacho hakukitoa siku tatu zote. Tukasubiri. Kisha akampa Zuhura.

Zuhura alipokea kwa mikono miwili. Hakutabasamu wala hakushukuru. Alisema, "Ningependa anipe yeye."

Jumatano, 7 Agosti

Asubuhi ya baridi. Milima imefunikwa. Mama Sakina keshakaa kwenye kigoda chake, upande wa pili wa geti safari hii, na mimi ndiye niliyemwomba.

Mzigo wa mkonge, unakwenda Tanga. Iringa wameambiwa wasisubiri. Zuhura ni dereva, mimi utingo wake. Canter nimempa shemeji yangu, mdogo wa Rehema. Umri huu naanza kujifunza kufunga turubai.

Nilimwekea mawe. Alichora kwenye madigadi. Kimo, akachora. Akarudi nyuma, pini ikaingia, mlio mzito uliokamilika, nimeanza kuujua. Akavuta mbele mara mbili, tela likagoma. Mstari wa nne.

Simu ikaita. Ile simu ndogo ya Mjomba, bado anatembea nayo. Mtu wa Tunduma, ana mzigo, anamtafuta Mzee Kibwana, amesikia anaumwa, je, amepata nafuu?

Zuhura alisema, "Amefariki." Akajibu maswali yote ya yule mtu, siku gani, wapi, alizikwa na nani. Akamwambia asante, tumepoa. Akazima simu. Akakaa kwenye kingazi cha kichwa, khanga usoni, mabega yanatetemeka. Nilisimama na tochi mkononi sijui pa kuiweka. Nikazima taa yake, nikakaa chini kwenye kokoto karibu naye. Mama Sakina alitazama mara moja, akageukia mafuta yake.

Sijui ilikuwa muda gani. Jua lilikuwa limeshafika kwenye matairi.

Alisimama, akajifuta. Akaenda kwenye madigadi akafuta mistari minne yote. Nilidhani atachora tena hapo. Akafungua mlango wa dereva mpaka mwisho. Ile mistari saba ya Mjomba ilikuwa bado pale kwenye weusi, imeinama kidogo kulia, anavyochora yeye. Aliitazama. Kisha akaipitisha kiganja, polepole, kutoka wa kwanza mpaka wa saba, mpaka pakawa peusi.

Kiganja kilibaki cheupe. Hakukifuta. Akanitazama.

"Mmoja," akasema.

Nikaenda kuangalia mawe.